Baba Zangu Wawili Wametoka Ukungu

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulifuta, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani hakuna wa kumwambia, kila ninayemfikiria ni mtu wa upande huu au wa upande ule.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili, na mwaka huu nilinunua kamera ya mtumba, ile nyeusi ya kawaida yenye lenzi moja iliyokuja nayo, ili nipige picha za mitindo ya wateja wangu nizibandike ukutani. Mchana, mteja akikaa karibu na dirisha, Shangazi, picha zinatoka utadhani za jarida. Basi sifa zikaanza, na mimi kichwa kikavimba, na Bibi yangu alipokaribia kutimiza miaka themanini familia ikaamua kumfanyia hafla ya jioni kwenye ukumbi wa shule aliyokuwa akipika zamani, mtu mmoja akasema mpiga picha wa nini wakati msusi wetu ana kamera, na mimi badala ya kusema nimezoea vichwa na dirisha, nikasema niachieni mimi.

Sasa lazima nikueleze kuhusu Baba na Baba mdogo, bila hilo hutaelewa kwa nini silali. Bibi ana watoto wa kiume wawili tu, baba yangu na mdogo wake. Wote mafundi seremala, walijifunza kazi kwenye benchi moja. Nikiwa bado shule ya msingi, Baba alisema mbele ya mteja kwamba mlango aliotengeneza mdogo wake unasugua sakafu. Basi, hilo tu. Baba mdogo akakusanya randa na misumeno yake akaenda kufungua karakana yake mtaa wa pili, na tangu siku hiyo hawapikiki chungu kimoja, wakikutana msibani mmoja akiingia mwingine anakumbuka ana kazi nje. Sisi watoto tumekua tukiwa matarishi wao: "Mwambie huyo mtu mama yake anaumwa." "Mjibu huyo mtu nimeshasikia."

Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya macho na mwanga wa ghafla unamsumbua, kwa hiyo alisema mapema hataki kumulikwa na mtu yeyote. Mshereheshaji akatangaza: simu zote mfukoni, flashi marufuku, picha zitapigwa na mjukuu peke yake. Watu wakanipigia makofi. Nikawapungia mkono, mjinga mimi.

Shangazi, ule ukumbi niliuona mchana tu. Madirisha makubwa, kuta nyeupe, nikasema hapa ni raha tupu. Na kweli watu walipokuwa wanaingia, jua halijazama, niliwapiga mlangoni mmoja mmoja wakatoka vizuri, Baba na shati lake jeupe, Baba mdogo na lake la mistari, kila mmoja kwa wakati wake bila shaka. Lakini giza lilipoingia wapambaji wakazima taa zote ndefu za dari, eti zinaua mapambo, wakaacha vitaa vya rangi kwenye vitambaa na balbu moja ya manjano juu ya meza ya Bibi. Nikapiga, nikatazama kwenye kioo cha kamera, nikaona giza lenye meno. Nikapiga tena, nikaona sahani na mkono usio na mwenyewe. Nikitaka kusogea watu wananigeukia wananikodolea macho, nikaona aibu, nikarudi nyuma kabisa ya ukumbi kwenye rundo la viti vya plastiki, nikawa nawavuta watu kwa lenzi kutoka huko huko, na kadiri nilivyowavuta ndivyo picha zilivyozidi kuharibika, na sikujua kwa nini, nikawa nabonyeza tu na kumwomba Mungu.

Ndipo Bibi akaomba kuongea. Hakusimama. Alisema, "Nimekula, nimeshiba, nguo ninazo. Zawadi sitaki. Nataka kuwaona wanangu wawili kwenye picha moja, nikiwa bado hai. Nani anakataa?"

Vichwa vyote vikageuka, Shangazi, kushoto na kulia. Baba alikuwa meza ya kushoto, Baba mdogo ya kulia, Bibi katikati yao mbele.

"Wee mke mwenzangu wa huko nyuma," Bibi akaniita, "kamera yako iko tayari?"

Nikasema iko tayari, Bibi. Haikuwa tayari, wala mimi sikuwa tayari. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikaiweka kamera juu ya lile rundo la viti, nikawaona wanainuka, nikabonyeza. Kamera ikasema kli, nikangoja, nikangoja, ndipo ikasema lak, na wakati huo ukumbi mzima ulishainuka kwa vigelegele na mbele yangu ikabaki migongo. Walikumbatiana nyuma ya migongo hiyo. Nilisikia Baba analia. Nilipopenya kufika mbele, Bibi alikuwa amechoka anapelekwa nyumbani, na baba zangu wamezungukwa na watu kila mmoja upande wake.

Nilipoifungua ile picha kwenye kompyuta nilikaa chini. Baba hana uso. Baba mdogo hana uso. Ni mawingu mawili, moja jeupe na moja la mistari, yanagongana. Nikafunga kompyuta, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko.

Na mambo hayajaishia hapo. Amani yenyewe imeanza kuchacha. Mtu mmoja mwenye mdomo aliuliza nani alianza kuinuka, Baba akajibu kwamba yeye alisimama tu pale mahali pake na mdogo wake ndiye aliyemfuata, maneno yakafika mtaa wa pili, Baba mdogo akasema yeye ndiye aliyesimama kwa heshima ya mama yake na huyo mtu ndiye aliyekuja mbio. Sasa hawaendi kwa Bibi siku ile ile, kila mmoja na siku yake. Wote wawili wanasema tungoje picha, picha itasema. Bibi naye ameshatundika fremu tupu sebuleni, kila mgeni akiingia anaonyeshwa: hapo watakaa wanangu.

Mimi nimewaambia kompyuta imeharibika. Jamaa yangu wa studio ameniona ninavyokonda, akachukua zile picha mbili za mlangoni, akawakata Baba na Baba mdogo akawaunganisha kwenye kompyuta wakiwa bega kwa bega, mmoja amemshika mwenzake begani, wanatabasamu. Imetoka safi. Anasema Bibi na macho yake hatajua. Shangazi, niitundike hiyo yaishe? Au niseme kadi ya kamera iliungua? Nakutumia picha zote mbili, tafadhali usimwonyeshe mtu.

Ni mimi, Msusi Mwenye Kamera

* * *

Msusi wangu,

Keti. Vuta pumzi. Kunywa maji, kisha rudi hapa nikugombeze, maana habari njema ninayo na siitoi bure.

Umesema nisimwonyeshe mtu picha zako. Nimemwonyesha mmoja tu, mpiga picha wa gazeti letu, kwa sababu mimi kamera naijua kwa kuisimamia mbele, si kwa kuishika. Ni mtu mgumu, hata harusi yake mwenyewe aliikosoa mwanga. Alipoiona ile picha yako ya mawingu alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na nitakwambia kwa nini, ila kwanza nimalizane na wewe.

Hivi mwanangu, mteja akija kusuka kwa ajili ya sherehe ya usiku, wewe unamwangalia nywele kwa tochi? Humwangalii. Unamkalisha penye mwanga kwanza. Sasa hafla ya usiku uliendaje kuukagua ukumbi mchana? Ungekwenda jioni iliyotangulia, ukawasha kila swichi, ukajua taa ipi iko wapi na nani ana mamlaka ya kuizima. Na jioni ile, wapambaji walipozima taa za dari, mdomo wako ulikuwa wapi? Taa za dari hazikuwa za kumulika macho ya Bibi ghafla, zilikuwa zinawaka tangu awali. Ungemfuata mshereheshaji ukamwambia: wakati wa hotuba naomba taa, mkimaliza zimeni mle mapambo yenu. Hakuna ambaye angekataa. Mpiga picha anayeona aibu kuomba taa ni sawa na mpishi anayeona aibu kuomba moto.

La pili, kule nyuma ulikwenda kufanya nini? Mtaalamu wetu anasema lenzi kama yako ukiivuta mbali inapitisha mwanga kidogo zaidi. Ukiirudisha bila kuvuta, ikaona pana, inapitisha mwanga mwingi zaidi. Kwa hiyo ulikuwa gizani, ukaongeza giza kwa mkono wako mwenyewe. Dawa yake ni miguu. Sogea. Watu watakukodolea macho kwa dakika chache, wakichoka watarudi kwenye soda zao na kukusahau kabisa, na hapo ndipo picha nzuri zinapoanza.

Halafu kuna ile namba iliyoandikwa ISO, unayoipandisha ili kamera ione zaidi gizani. Uliiogopa, si ndiyo? Umesikia inaleta chengachenga. Inaleta, na nani alishawahi kufa kwa chenga? Chenga zinasameheka. Ipandishe, pandisha bila huruma. Ukimpiga mtu anayeongea, mngojee anapotua, mwisho wa sentensi au mwisho wa kicheko, mwili hutulia kidogo, na usibonyeze mara moja ukaridhika, bonyeza mara kadhaa mfululizo, moja itakubali. Picha ya kundi la familia ipige mapema mlangoni kabla jua halijazama, watu bado hawajachoka na mashati hayajaloa. Wewe mwenyewe umeona za mlangoni zilivyotoka.

Kitu kimoja tu ulikifanya kama mzoefu, na ulikifanya kwa woga: uliiegemeza kamera kwenye viti. Hicho ndicho kilichokuokoa. Nakuja huko.

Kabla ya hapo, hii kazi ya jamaa yako wa studio. Nimeitazama. Mkono ulio begani kwa Baba yako si wa Baba mdogo, una saa ya dhahabu na kucha za mtu wa ofisini, fundi seremala gani ana kucha zile? Unasema Bibi haoni vizuri. Yule ni mama aliyeiosha mikono hiyo tangu ikiwa midogo, utamdanganya kwa mkono wa mgeni? Lakini tuseme Bibi asijue. Baba yako atajua. Baba mdogo atajua. Kila mmoja atasimama mbele ya fremu ile akijua hajawahi kusimama namna ile, na safari hii hawatabishania nani aliinuka kwanza, watasema hata kukumbatiana kwenyewe kulikuwa kwa kutengenezwa. Wewe unatafuta kuziba ufa mdogo kwa kubomoa ukuta. Ifute. Mwambie na jamaa yako aifute, umshukuru kwa roho nzuri, na hiyo habari ya kadi kuungua usiiwashe kabisa.

Sasa ifungue picha yako ya kweli. Ifungue, mimi nangoja.

Umeitazama mara nyingi, najua, lakini ulikuwa unazitafuta nyuso mbili tu, na ulipozikosa ukaanza kulia. Tazama vitu visivyotembea. Meza imetoka wazi, hata mikunjo ya kitambaa inaonekana. Glasi ziko wazi. Kwa sababu kamera ilikaa juu ya viti, haikutikisika hata kidogo. Na Bibi je? Msusi, ulimtazama Bibi? Ameketi chini ya ile balbu ya manjano, katikati ya mawingu yako, ametulia tuli, viganja ameviunganisha chini ya kidevu, na uso wake uko wazi mpaka ukope. Mimi nimesoma kila aina ya majonzi kwenye kazi hii na sijatetereka. Uso ule ulinifanya niinuke niende dirishani. Mwenzangu wa picha akajifanya anatafuta kalamu.

Naye ndiye aliyenionyesha lililobaki. Kamera yako, kwa ajili ya lile giza, ilifungua jicho ikakaa wazi karibu sekunde nzima. Ndiyo maana ulisikia kli, ukangoja, ukasikia lak. Ndani ya muda huo aliyetulia ametoka wazi, na aliyetembea ametoka ukungu. Sasa fikiri. Baba yako anasema alikuwa amesimama mahali pake akafuatwa. Kama ni kweli, angetoka wazi kama mama yake, tungemhesabia vifungo vya shati. Baba mdogo anasema yeye ndiye aliyesimama. Haya, yuko wapi? Wingu jeupe limeacha mkia kutoka kushoto. Wingu la mistari limeacha mkia kutoka kulia. Mikono minne, yote imefunguka, yote iko njiani. Hakuna aliyesimama kungoja. Hakuna hata mmoja!

Ungepata flashi, ungewagandisha wote wawili kama sanamu, na kila mmoja angeapa mbele ya picha kwamba yeye alikuwa amesimama. Usiniombe msamaha kwa picha hii, mwanangu. Niombe radhi kwa kutaka kuificha.

Utafanya hivi. Leo hii kompyuta yako imepona. Picha iongezee mwanga kidogo tu, usiisugue sana. Vile vitaa vya rangi vimewapaka watu ukijani, kwa hiyo igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ichapishe kubwa, kwa karatasi isiyong'aa ili isimwakie Bibi machoni. Ipeleke kwake mchana, na waite baba zako wote wawili kwa wakati mmoja. Usimwonyeshe mmoja mapema, hata akikubembeleza, hata akikuita mama. Usianze kujieleza habari za giza na lenzi, hawakuja kusomea kamera. Wasimamishe mbele yake, uwaulize swali moja tu kwa adabu: "Wazee wangu, nionyesheni aliyekuwa anangoja." Kisha funga mdomo. Hapo ndipo kazi itakuwa ngumu kwako, nimeshaiona barua yako ilivyo ndefu.

Na hafla ijayo wakikuita, nenda. Ila omba taa.

Shangazi

* * *

Shangazi, naandika haraka, nina mteja nusu kichwa.

Nilifanya kama ulivyosema. Walikuja wote wawili, kila mmoja akajua mwenzake yupo alipokwisha kuvua viatu, hakuna aliyeweza kuondoka mbele ya Bibi. Nikaifunua. Bibi akasogezewa kiti, akajiangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe bado nina sura," halafu akawa anawatazama wao badala ya picha.

Nikauliza swali lako. Baba akatoa miwani. Baba mdogo akaweka kidole kwenye lile wingu jeupe, akalifuata polepole mpaka meza ya kushoto, kama anavyofuata mshipa wa ubao. Kisha akalifuata la mistari. Nami nikakumbuka kufunga mdomo, Shangazi, nikauma ulimi.

"Kaka," Baba mdogo akasema. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu niko shule ya msingi. "Kaka, ulikuwa unakuja."

"Na wewe hukuwa umesimama," Baba akamjibu, akamshika mkono, mkono wenyewe kabisa, akabaki nao. Nililia mpaka Bibi akaniambia nitafute kitambaa nisimlowanishie picha.

Wameitundika wao wenyewe, mmoja ameshika fremu, mwingine msumari. Mimi leo nimelala mpaka mteja amenigongea. Na wageni wakifika wakauliza mbona hao wawili hawaonekani vizuri, Bibi hataki nijibu mimi, anajibu mwenyewe:

"Walikuwa na haraka."